Mtama wa Danieli Mpakani Tunduma



Mwezi wa sita tulisafiri kwenda Tunduma, sisi akina mama wanne wa kanisa moja la Mbeya: wauguzi wawili, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mchungaji wetu. Akina mama wenzetu wa huko walikuwa wametualika tuwafundishe kwa siku tatu juu ya chakula cha nyumbani, na somo walikuwa wameshalichagua wenyewe, Danieli sura ya kwanza. Ujumbe wao ulisema kwamba tangu mwaka uanze wamekuwa na "mfungo wa Danieli" wa siku kumi kila mwezi, na wangependa tuwaeleze faida zake kitaalamu. Tulikubali upesi. Tulidhani tunajua tutakachosema.

Kutoka Mbeya hadi Tunduma ni kilomita 100 na kidogo kwa barabara ile kuu iendayo Zambia. Ukishapita Mbalizi, haichukui muda unaingia Mkoa wa Songwe, ambao ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu yakawekwa Vwawa. Mwezi wa sita ndio mwezi wa kuuona mkoa huu ukiwa umeshiba. Mahindi yamelundikwa nje ya nyumba, kahawa imeanikwa, na pale Mlowo magunia yamepangwa hadi unajiuliza nani atayabeba. Na hapo hujateremka bondeni Momba kwenye mpunga, mtama na ufuta, wala hujapanda Ileje kwa Wandali kwenye ndizi zao.

Karibu na Mlowo kuna njia ya kwenda Ndolezi, kilipo Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la tani zipatazo 16 lililoanguka kutoka angani. Mwalimu wetu, ambaye hawezi kukaa kimya ndani ya basi, akasema wana wa Israeli walidondoshewa mana na watu wa Mbozi wakadondoshewa chuma. Mama mchungaji akamwambia atazame nje dirishani, mana ya Mbozi haidondoki, inaota.

Tulicheka. Lakini sisi wauguzi tulikuwa na karatasi kwenye mikoba. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Iringa waliodumaa ni zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa ni kama nusu. Songwe ni karibu theluthi moja. Mama, hebu yasome tena majina ya mikoa hiyo. Ndiyo inayoilisha nchi! Mtoto anayedumaa katika siku zake 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, hupungukiwa si urefu tu bali na akili ya darasani, na baadaye ni vigumu sana kumrudishia. Na huko siko kwenye ukame. Ni huku kwetu, kwenye magunia.

Tunduma si mji wa kupumzika. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yamejipanga barabarani, madereva wengine wanapika pembeni mwa magurudumu. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, nayo inapita hapa kwenda Kapiri Mposhi. Ukipiga hatua chache uko Nakonde, nchi nyingine, ingawa Wanyamwanga wako pande zote mbili na hawakuulizwa mpaka upite wapi. Penye madereva wengi pana mama ntilie, pana chipsi na soda baridi, na pana mengine ambayo si ya somo letu la leo.

Kesho yake alfajiri mwenyeji wetu alitupeleka sokoni. Jamani, Mungu amewapa watu hawa! Maharage ya kila rangi, karanga, ulezi, mtama, mchele wa Kamsamba, maparachichi, majani ya maboga, mnavu, uyoga mkavu, dagaa, na viwavi vikavu ambavyo mwalimu wetu hakutaka hata kuvisogelea, mpaka tulipomkumbusha kuwa Yohana Mbatizaji alikula nzige. Kulikuwa na mizizi ya maua ya porini iitwayo chikanda, ambayo hutwangwa pamoja na karanga na kupikwa ikawa kama mkate mzito. Upande wa Zambia inapendwa mno, kiasi kwamba milima yetu ya kusini imechimbwachimbwa, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, sasa ni kimbilio la maua hayo.

Mbele ya duka moja la nafaka tulimwona mtoto wa mwaka na nusu hivi. Alikuwa ameketi juu ya gunia la maharage, anakunywa soda kwa mrija, na biskuti mkononi. Mama yake alikuwa anampimia mteja. Kazi ni kazi, tukamsalimu na kuomba kumpima mtoto mkono kwa ule utepe wetu wa kliniki. Ulisimama kwenye rangi ya njano. Si nyekundu, tunamshukuru Mungu, lakini njano maana yake ni hatari iko njiani.

"Mbona anakula, nesi?" mama yule alisema, na hakusema kwa ubishi. Asubuhi uji wa sembe na sukari, mchana ugali na mchuzi, akilia sokoni anapewa hiyo soda anyamaze. Na maharage? Akayatazama magunia kama mtu aliyeulizwa habari za mali ya jirani. "Haya ni ya kuuza."

Tulitembea kimya kidogo. Mama mchungaji ndiye aliyesema tuliyokuwa tukiyafikiri wote. Yule mwanamke wa Mithali 31 anasifiwa kwa kuleta chakula chake kutoka mbali, kama merikebu za biashara. Sisi wa nyanda hizi tunakipeleka mbali, halafu tunamnunulia mtoto biskuti.

Semina ilianza saa tatu. Walikuja akina mama kama arobaini, wengi na watoto mgongoni, na tukaomba mmoja asome Danieli 1:8-16. Alisoma kutoka Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambamo Danieli na wenzake watatu wanaomba wapewe mtama wale na maji wanywe. Mama wa kiti cha nyuma akainua mkono: mbona yake haisemi mtama? Yake ilikuwa Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, nayo inasema mboga. Ukazuka mjadala mzuri kuliko somo tulilokuwa tumeliandaa. Wengine walikuwa wamefunga kwa uji mtupu miezi yote hiyo kwa sababu ya neno mtama. Wengine kwa mchicha mtupu kwa sababu ya neno mboga. Na kila upande ulikuwa ukidhani mwenzake anakula bila haki.

Bibi mmoja kutoka bonde la Momba alisimama, akatusalimu, na kusema yeye hashangai Danieli kula mtama. Mtama ni chakula, wao wamekulia huo. Kinachomshangaza ni vijana wa mjini kuuita chakula cha njaa. Bibi mwingine, Mnyiha wa Mbozi, akadakia kwamba kwao ugali wa wazee ulikuwa wa ulezi, mahindi yalikuja kutawala baadaye, na kwamba zamani mzazi hakulala bila uji wa ulezi. Sisi wauguzi tukatikisa vichwa. Ulezi una madini ya chokaa, yale yajengayo mifupa, mara nyingi kuliko mahindi. Bibi yule hakujua hesabu hiyo, wala hakuihitaji.

Mama mchungaji, ambaye ndiye aliyesoma chuo cha Biblia, akasuluhisha. Neno la Kiebrania lililotumika pale, alisema, maana yake ni vitu vinavyopandwa, vinavyotokana na mbegu. Humo mna nafaka, mna kunde na dengu, mna mboga. Kwa hiyo Biblia zote mbili zimeshika ukweli, kila moja kwa upande wake, na aliyekula uji mtupu na aliyekula mchicha mtupu wote wamemla Danieli nusu.

Kisha akauliza swali ambalo hata sisi tuliokuja kufundisha hatukuwa tumelifikiria. Baada ya zile siku kumi, Danieli na wenzake walikuwaje? Watu wakajibu: walikonda, waling'aa kiroho, walipata maono. Akawaambia wasome mstari wa 15. Walisoma, wakasoma tena. Walikuwa wamenenepa kuliko wale waliokula chakula cha mfalme! Hawakuwa wamefunga hata kidogo, walikuwa wanakula. Kufunga kwa Danieli kuko sura ya 10, wiki tatu za huzuni, akiwa mzee na mwenye kuomboleza. Sura ya kwanza ni vijana wanaokua, mbele ya sahani iliyojaa, na msimamizi anayewakagua miili kama sisi tunavyowakagua watoto kwenye mzani.

Mchana tulikaribishwa pilau ya nyama na soda, kreti nzima. Wenyeji walikuwa wamejinyima kutuheshimu, huwezi kukataa. Tukala, na soda tukanywa. Mwalimu wetu alinong'ona kwamba Danieli angekuwa na kazi ngumu sana kama Nebukadreza angekuwa mkarimu namna hii.

Siku ya pili hatutaisahau. Wakati wa maombi tulimwona mama mmoja kijana, mja mzito wa miezi saba, amejiegemeza ukutani. Tukamfunua ukope wa chini, tukaukuta mweupe kama karatasi. Alikuwa kwenye siku ya nane ya mfungo wa mwezi ule, kwa maji na uji wa sembe. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki alikuwa ameviacha, kwa kuwa aliambiwa mfungo ukiingiliwa na kitu kingine kinywani unaharibika. Tulikodi bajaji tukampeleka kituo cha afya. Damu yake ilikuwa 7.2, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Akapewa rufaa siku hiyohiyo, akalazwa.

Tuliporudi, mama kiongozi wa kikundi alikuwa analia. Ndiye aliyemwambia. Hakuna aliyemlaumu, na sisi tulikosa la kusema, kwa sababu tulikuwa tumekuja kuupa mfungo ule baraka za kitaalamu, na kama tusingemwona yule kijana ukutani huenda tungeutoa muhuri wetu na kupanda basi. Tukaketi naye. Baadaye tulizungumza na wote bila kuzunguka. Kufunga ni agano la mtu na Mungu wake, hatukuja kulivunja. Lakini mwenye mimba asifunge chakula, wala anayenyonyesha, wala mtoto. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye kutumia dawa za kufubaza virusi, na azungumze kwanza na wanaomtibu, na dawa zake asiziache hata siku moja. Vidonge si chakula cha mfalme. Hezekia alipougua aliomba kwa machozi, na Isaya yuleyule aliyemletea jibu la Mungu aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Maombi hayakuiona dawa kuwa ni mshindani.

Siku ya tatu hatukufundisha ubaoni, tulipika. Kila mama alileta kitu kutoka nyumbani kwake, na kitu kimoja tu tulikataza: kununua. Kwa hiyo palikuwa na unga wa dona uliochanganywa na ulezi, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, dagaa, maparachichi, na mama mmoja alileta mayai sita huku akicheka, akisema kwao mja mzito hali yai. Tulimsomea Matendo 10, Petro na ile shuka iliyoshuka, kisha tukampa la kwanza kuchemka mama mwenye mimba aliyekuwepo. Alilila mbele ya watu wote. Bibi wa Momba alipiga vigelegele.

Yapo mambo ya jikoni tuliyoyasema pale na tungependa uyasikie nawe. Wengi hutengeneza unga wa lishe kwa kusaga pamoja mahindi, mchele, ulezi, maharage, soya na karanga, wakidhani vingi ndiyo bora, na wengine huutaja mkate wa Ezekieli (Ezekieli 4:9). Ukisoma vizuri, ule ulikuwa mkate wa watu waliozingirwa na njaa, si kipimo cha jiko la amani. Maharage huchelewa kuiva kuliko mahindi, kwa hiyo uji ukionekana umeiva maharage bado, na tumbo la mtoto ndilo linalogundua. Karanga zikisagwa na kuwekwa huharibika upesi na kuota kuvu. Kuvu hiyo si mzaha: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Saga nafaka yako peke yake, ikiwa kavu na safi, na karanga ziponde siku unapopika. Maharage yapike yaive, yaponde, mpe mtoto. Na chai usiinywe pamoja na mlo, isubirishe kidogo, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage.

Mama wa sokoni alikuwa amekuja siku zote tatu, na mwanawe. Wakati wa kuosha vyombo ndipo aliuliza swali lake, na tunadhani ndilo lilikuwa swali la semina nzima. "Nikiyala maharage, dada zangu, nitauza nini? Ada ya shule ya hawa wakubwa itatoka wapi?"

Mwalimu wetu aliacha sufuria, akachukua kaa la moto lililozimika akaandika sakafuni. Mtoto mmoja, kiganja cha maharage makavu kwa siku, tuseme gramu 50. Kwa mwaka mzima, siku 365, ni kilo 18 na robo. Gunia la kilo 100 bado lina zaidi ya kilo 80 za kuuza. Akina mama waliinama wakaitazama ile hesabu. Mmoja alisema mjane wa Sarepta alimpikia nabii kwanza na unga haukuisha, ila kwetu anayepikiwa kwanza si nabii, ni mteja. Watu wakacheka sana, lakini mama wa sokoni hakucheka. Alisema gunia si lake. Ni la baba watoto, na yeye hupimiwa la kuuza.

Hapo tulikwama, na hatuoni haya kusema. Tulikuwa tumealika akina mama peke yao, kama kawaida yetu, na kumbe ufunguo wa ghala uko mfuko wa suruali. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amekuja kufunga milango aliisikia habari hiyo, akasimama mlangoni akaisoma ile hesabu ya mkaa, akauliza kama kweli ni kilo 18 tu. Akaahidi kuisema Jumapili kwenye kikao cha wanaume. Tutakwenda tena baada ya mavuno yajayo, na safari hiyo tumeomba akina baba wakae viti vya mbele.

Yule mama kijana alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kike wa kilo 2 na gramu 800, wote wazima. Habari hizo tulizipata kwa simu, na mama kiongozi ndiye aliyetupigia.

Siku ya kuondoka tulipitia tena sokoni, kwani tulitaka ulezi wa kupeleka Mbeya. Mama wa lile duka alitupokea kwa furaha, akatufungia karanga, akatuongezea na maparachichi mawili bure. Mtoto alikuwa amekaa palepale juu ya gunia, safari hii na bakuli, mdomo umejaa maharage yaliyopondwa hadi mashavuni. Kwenye kona kulikuwa na sado moja ya ulezi mzuri, mwekundu, uliopepetwa. Tukauliza bei.

"Huo hapana," alisema, akaisogeza nyuma ya miguu yake. "Huo wa Danieli wangu."

Tukanunua kwa jirani yake.